Kidani chenye Nukta Mbili

Ukitaka kujua kwa nini nimeanza kuota mvi kabla ya wakati wake, muulize Saado. Lakini atakujibu nini? Saado ukimuuliza swali Jumatatu, anakupa nusu ya jibu Alhamisi, na ile nusu nyingine utaitafuta mwenyewe. Na huyu ndiye mwenzangu wa kazi. Mimi naitwa Ramlo, na kampuni yetu ndogo ya mapambo iko katika chumba kimoja nyuma ya soko la Suuq Mugdi, hapa Garissa mjini. Inaitwa Luul, yaani lulu. Hatujawahi kumiliki lulu hata moja. Tunayeyusha bangili kuukuu za fedha, tunatengeneza vidani.

Tuko watatu. Mimi nauza na kugombana na mwenye nyumba. Saado anachora na kukata. Olow analehemu. Olow alikuwa fundi wa simu, na mama yake mpaka leo anaamini bado ni fundi wa simu, kwa sababu huku kwetu mtu wa kupiga chuma hudharauliwa, hata akienda kuposa huulizwa maswali yasiyokwisha. Kwa hiyo mteja akiingia, Olow hufunika vidani haraka na kuinua simu iliyopasuka kioo. Hebu fikiria duka la mapambo ambalo fundi wake anayaficha mapambo wateja wasiyaone! Nimesema mpaka koo limekauka.

Lakini Olow ni mzigo mwepesi. Mzigo wenyewe ni Saado.

Saado alizaliwa upande wa Hadado, kule Wajir, akakua nyuma ya ngamia wa baba yake. Shule aliianza akiwa msichana mkubwa, akakaa dawati moja na watoto waliomfika kiunoni, na hakuona haya hata kidogo. Tulikutana katika shule ya bweni. Mimi nilikuwa mtoto wa karani, ngamia nikimjua kwa maziwa ya chai tu. Yeye alikuwa anaweza kukaa saa nzima akichora vumbini kwa kijiti bila kusema neno, halafu anafuta kwa kiganja. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Sasa ndiyo sababu hiyohiyo inayonitia wazimu.

Ukame ule mrefu ulipokuja, ngamia wa Mzee Nunow, baba yake Saado, walikufa mmoja baada ya mwingine. Wengine walitoroka kutafuta maji wasionekane tena. Mzee akaja kuishi kwa binti yake bila hata mbuzi. Macho yake yameingia ukungu, haoni tunachotengeneza, lakini kila asubuhi anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni petu na kumuuliza kila dereva wa lori kama kumenyesha Hadado. Lori zenyewe zinaenda Mombasa. Anauliza tu, na wao wanamjibu inshallah.

Sasa tuje kwenye mchoro. Saado anajua kuchora maua, nyota, na chochote utakachomwagiza. Lakini akiachwa peke yake, mkono wake hurudi palepale: mstari mrefu uliopinda mwishoni kama bakora, na chini yake nukta mbili.

"Hii ni nini?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Mstari."

"Abaayo, dada yangu, watu hawanunui mstari. Wananunua kitu chenye jina."

Akainamia kazi yake. Basi nikakipa jina mwenyewe. Nikawa nawaambia wateja kwamba ni jani la mkoma, hiyo mikoma yetu ya kando ya mto Tana. Wakapenda. Kikawa ndicho kidani chetu kinachouzwa kuliko vyote. Saado alinisikia nikisema jani, jani, jani, mwaka mzima, na hakufungua mdomo.

Ndipo Mama Leyla akaja. Binti yake alikuwa anaolewa na Mohamedamin, kijana wa ofisi hapa mjini, ila watu wake wako Wajir. Mama Leyla alitaka kidani kikubwa cha bibi harusi na vidogo vya dada zake wote, vyote vya jani. Ilikuwa arusi ya kwanza kutuagiza. Nilimwambia Saado, "Hii ikienda vizuri, kila arusi ya Garissa ni yetu. Ikiharibika, tufunge duka tukauze mikate ya anjera." Akatikisa kichwa, akaendelea na tupa yake.

Siku ya arusi nilikaa ukumbini nikijisifu kimoyomoyo. Leyla alipendeza walaahi. Kidani kilikuwa kimelala kifuani mwake juu ya nguo, kikubwa, kinang'aa. Akaingia Mzee Issack, ami yake bwana harusi, aliyetoka Wajir siku hiyohiyo, kuja kumwombea dua bibi harusi. Aliinua mikono. Kisha akaishusha. Akainama, akakitazama kidani kama mtu anayesoma.

"Hii chapa ni ya nani?" akauliza.

Jamani! Wewe unajua shangazi wa bwana harusi wanavyosikia? Neno chapa lilizunguka ukumbi kabla mzee hajamaliza kunyoosha mgongo. Chapa ni alama wanayowachoma ngamia kwa chuma cha moto, ili mwenyewe ajulikane. "Bibi harusi wetu amepigwa chapa ya mtu mwingine!" alilia mmoja. "Ni wa zizi gani kwanza?" akauliza mwingine. Mama Leyla aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Dakika hiyohiyo vidani vyote vilivuliwa, vikafungwa kwenye shashi na kutupwa mapajani mwangu.

"Mzee Issack atakuja dukani kwenu kesho mwenyewe," Mama Leyla aliniambia. "Mjipange."

Nilirudi dukani nikitoka moshi masikioni. Saado alikuwa anasugua bangili.

"Ule mstari ni nini?"

"Si umesema ni jani?"

"Saado!"

Akaweka bangili chini. "Ni chapa ya aabo. Ya ngamia wake."

Nilikaa. Nilitaka kumpiga kwa kitu, lakini kilichokuwa karibu ni mizani yangu mwenyewe. Mwaka mzima! Nimewavalisha nusu ya wanawake wa Garissa alama ya ngamia wa baba yake, na yeye ananitazama! Olow akasema pole pole, "Lakini manze, ni noma kidogo, si inapendeza?" nikamwambia anyamaze arudi kwenye simu zake.

"Kwa nini?" nikamuuliza Saado.

Kwa mara moja katika maisha yake alijibu siku ileile. Alisema hakuna tena ngamia aliye hai mwenye chapa ile. Mstari ni wa ukoo, wengi wanao, lakini nukta mbili zile ni za baba yake peke yake. Wakati ngamia wa mwisho alipokufa, alifikiri chapa nayo imekufa. Halafu siku moja akajikuta ameikata kwenye fedha.

Hasira yangu haikuisha, lakini ilipungua makali. Hata hivyo kazi ni kazi. Nikamwambia: "Kesho mzee akija, tunasema ni jani. Wewe ndiye mchoraji, wewe ndiye utakayeulizwa. Sema jani, tumalize."

Akageuza uso kuelekea mlangoni, kwenye kile kiti cha plastiki. Nilielewa. Mzee Nunow haoni, lakini anasikia vizuri kuliko sisi sote. Saado angeikana chapa ya baba yake, baba mwenyewe akiwa anasikiliza. Nilielewa, na bado nikamwambia aseme jani. Ningefanya nini? Sisi sote watatu tulikula kutokana na duka lile, na mzee pia.

Asubuhi Mzee Issack alifika na wazee wenzake wawili. Salamu zilikuwa ndefu: watu wazima, watoto, mvua, malisho. Niliwamiminia chai, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

"Adeer, mzee wetu, ile ni jani tu," nilianza. "Jani la mkoma. Watoto wa siku hizi na urembo wao..."

Hakunitazama hata. Alimtazama Saado. "Binti, mchoro huu uliuchora wewe?"

"Ndiyo, adeer."

"Ni nini?"

Saado akanyamaza. Mimi ninamjua Saado na kunyamaza kwake, lakini kule kulikuwa kurefu kupita kiasi. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga tena.

"Ni chapa ya baba yangu," akasema, kwa sauti ya kufika nje. "Nunow wa Hadado. Mstari wa ukoo, nukta mbili zake."

Nje, kiti cha plastiki kililia. Mimi nilifumba macho nikaona anjera.

Mzee Issack akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Nimemtafuta huyo mtu tangu ukame."

Akaeleza. Siku za ukame, ngamia jike alikuja peke yake kwenye kisima chao, mbavu nje, chapa hiyo pajani. Waliuliza huku na huku. Wa ukoo ule walikuwa wametawanyika, na hakuna aliyejua nukta mbili ni za nani. Wakamnywesha pamoja na ngamia wao, kwa sababu mnyama aliyepotea ni amana. Akazaa. Mwaka jana akafa, lakini mtoto wake, jike pia, amekua. "Hatukumpiga chapa," alisema mzee. "Yetu si yake. Na yake, mkono wetu hauna ruhusa ya kuipiga."

"Sasa adeer," nilishindwa kujizuia, "mbona ukaleta vurugu yote ile arusini?"

"Mimi niliuliza swali," akajibu. "Vurugu ni ya kwenu."

Mzee Nunow alikuwa amesimama mlangoni akishika ukuta. "Yule jike," akauliza, "sikio la kushoto lilikuwa limechanika?"

"Limechanika."

Mzee Nunow akalitaja jina la ngamia yule, mara moja tu, kisha akaegemea ukuta. Nililia. Olow alilia ndani ya simu iliyovunjika. Saado aliinuka akaenda kumletea baba yake maji.

Usidhani shida zangu ziliisha. Leyla alikuja kuchukua kidani chake. Nyuma yake wakaja wale shangazi, wale wale, kila mmoja akitaka kidani cha chapa ya baba yake, na kila mmoja akigombana na dada yake kuhusu nukta inakaa wapi. Jana wawili wamenusurika kushikana dukani. Nawauliza, mna uhakika? Wanapiga simu Wajir, kule nako wanagombana.

Mzee Issack alimtuma mtoto wa yule ngamia kwa lori, tukampokea soko la mifugo. Nilikwenda na viatu vipya, kosa langu. Moto ukawashwa, chuma kikawekwa mpaka kikawa chekundu. Mzee Nunow alikishika, macho yake yakatafuta paja yasilione. Kisha akasema, "Saado."

Wanaume wakanung'unika. Mwanamke na chuma?

"Nani hapa ameuchora mstari huu mara nyingi kuliko yeye?" mzee akauliza. Wakampisha, maana wake zao walikuwa wameuvaa.

Saado alichukua chuma. Alichora mstari kwa mkupuo mmoja, ukapinda vizuri. Nukta ya kwanza. Kwa ya pili ngamia akaruka, akalia, kamba niliyoishika ikaniponyoka. Saado akarudi nyuma, akainamisha kichwa kama anavyofanya dukani.

"Aabo, nukta ya pili imeenda kando."

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ya binti yake. "Iache," akasema. "Hiyo sasa ni chapa yako."

Na mimi huku dukani nina rafu nzima ya vidani, na nukta ya pili bado iko pale pa zamani.