Siku Tulipokuwa Nyota, Kabambare

Harufu ya mawese yanayochemka ilikuwa ikiingia darasani kwetu Kabambare msimu ule, na mpaka leo nikiisikia naangalia barabara. Nilikuwa darasa la sita. Wapiganaji wa porini walikuwa wakipita vijijini, wanawazungusha watoto duara kimya, wanawapaka dawa ya vita kichwani, kisha wanaondoka nao. Akina mama walilima huku macho yao yakiwa barabarani, na sisi tulijua kukimbia kuliko tulivyojua kugawanya.

Mwalimu wetu, kijana mwembamba, alichoka kuchora galaksi ubaoni, akatutoa uani asubuhi. Galaksi yetu, alisema, ni kama sahani bapa ya nyota, na kila nyota inazunguka kitovu cha sahani hiyo. Basi tukazunguka, kimya kama alivyotaka, yeye akiwa amesimama katikati yetu. Alieleza kwamba galaksi nyingi zikiwa changa zimejaa gesi na fujo. Zikishatulia, mahali penye nyota nyingi kidogo kuliko kwingine panavuta nyingine, njia zao zinarefuka, zinalala kuelekea upande mmoja. Akatuambia tuache duara, twende kwa njia ndefu kama yai, tukipita karibu naye. Vumbi likapanda, na kweli, tukawa mstari mnene katikati ya ua, nao unageuka polepole kama mwiko ndani ya bukari, ugali wetu. Galaksi yetu nayo inao mstari huo, alisema. Unasukuma gesi kwenda ndani, na huko nyota mpya zinazaliwa.

Mama yangu alikuwa akitoka shambani. Aliona watoto wanazunguka bila sauti, mwanaume katikati, vumbi. Hakuuliza kitu. Alipiga yowe, na kabla sijaelewa alikuwa amenishika mkono, na wanaume wa mtaa wenye mapanga walikuwa wamemzunguka mwalimu.

“Ulikuwa unawapa dawa gani?”

“Nilikuwa nafundisha nyota, baba.”

“Nyota gani ya muchana? Unatuona wajinga?”

Mmoja alicheka. Kicheko kile kiliniogopesha kuliko mapanga. Kapita, mkubwa wa mtaa, akanigeukia. “We mutoto, sema. Aliwaambia nini?”

“Nyamaza,” mama alininong’oneza.

Niliutoa mkono wangu kwa mama. Nikasema, “Alisema nyota zikitulia, zinajipanga katikati. Dawa haiko, papa. Iko vumbi tu.”

Hawakuniamini. Walitupanga, wakanusa vichwa vyetu kimoja kimoja wakitafuta harufu ya dawa. Pua ya kapita ilikaa kwenye nywele zangu muda mrefu, nami nilishika pumzi, nikijua nikinuka vibaya mwalimu anakufa. Tulinuka jasho. Walimpiga mwalimu kofi, wakamwachia. Siku hiyohiyo alipanda pikipiki kwenda mji wa Kasongo, na hakuna aliyemwomba msamaha.

Somo lililobaki nililisoma mwenyewe, sekondari: mistari ile inaongezeka kadiri galaksi zinavyozeeka, ingawa siku hizi mingine imeonekana kwenye galaksi za mbali sana, za tangu ulimwengu ukiwa mchanga. Sasa nami ninaishi Kasongo, nina binti. Juzi niliona darasa lake linazunguka uani, mwalimu katikati, nikashika ukuta mpaka nikasikia wanaimba, nikajua ni mchezo. Mama alikuwa na hofu ileile akiwa na umri wangu huu. Nyota zilipewa muda wa kutulia. Sisi nani alitupa huo muda? Anayeniambia nizoee hofu hii, aje anieleze mbele ya binti yangu, nami nitamjibu.