Usimpokee Lusajo

Kabla hujasema nilikuwa nimelewa, ngoja nikwambie: ilikuwa Ramadhani na nilikuwa na swaumu, hata maji sikuwa nimeonja tangu daku. Ilikuwa mchana, tena sikuwa peke yangu. Kwa hiyo kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana jambo hili lilitokea mbele ya macho yangu na mpaka leo linaendelea.

Mimi nina duka la spika na vifaa vya redio pale Bulyaga, mjini Tukuyu. Lilikuwa la baba, akaniachia alipochoka na kazi, pamoja na wateja wake wabishi. Chumba cha nyuma nilimpa rafiki yangu Lusajo, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Humo ndimo alimoweka kitanda na kompyuta yake na kutengeneza muziki. Usidhani ni bongo fleva. Lusajo anatengeneza tekno, midundo mitupu, dakika saba au nane na hakuna anayeimba. Baba yangu alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akauliza unaanza lini. Redioni haupigwi. Lakini mtandaoni una watu wake, wachache wenye kiu, na kila Lusajo akiachia kazi mpya wanaandika kutoka Mbeya, Dar, mpaka Ulaya, wakiuliza huyu jamaa hizi sauti anazitoa wapi.

Alikuwa anazitoa hapa hapa. Alirekodi mvua kwenye bati, mashine ya kusaga, mama yake akikwangua sufuria. Kila kazi mpya lazima iwe na sauti moja ya wilaya yetu ya Rungwe, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Siku hiyo alitaka mvua ikianguka kwenye majani ya chai, na kwa kuwa hana pikipiki, nikampakia kwenye yangu.

Tulishika njia ya Mpuguso. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa kwetu, unaokulazimisha kuwasha taa saa nane mchana. Katikati ya mashamba ya chai tukasikia ngoma. Ngoma moja tu, inapigwa taratibu, haikosei. Lusajo akanigusa begani.

"Ustaadhi, zima pikipiki. Sikia hiyo."

Ananiita Ustaadhi tangu shule, kunitania, na mimi nilishazoea.

Ilikuwa inatoka kwenye kibanda cha zamani cha kupimia majani ya chai, bati limeng'oka upande mmoja. Ndani alikaa mzee mwenye koti kubwa na kofia ya sufu, ngoma katikati ya magoti. Tukamwamkia shikamoo, hakuitikia; alitutazama tu, akaendelea kupiga. Niamini, sijawahi kuona mtu aliyechoka vile. Midomo imekauka, jasho linamtiririka katika baridi ile, lakini pigo halichelewi hata kidogo. Visigino vyake vilikuwa vimezama kwenye udongo, kama mtu aliyekaa hapo miaka.

Mimi nilitaka tuondoke. Lusajo alikuwa ameshawasha kinasa sauti. Alirekodi kitambo, kisha akafanya jambo ambalo hata wewe ungelifanya, usinidanganye. Tumelelewa wote hivyo. Ukimkuta mtu mzima njiani na mzigo, huulizi ni wa nani wala anaupeleka wapi. Unanyoosha mikono unampokea. Na Lusajo alilelewa vizuri kuliko mimi. Akaweka kinasa sauti chini, akachuchumaa mbele ya yule mzee.

"Pumzika mzee, nikupokee."

Mzee alimwangalia. Nikaona machozi yanamlengalenga. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Akainua mikono, na kabla pigo halijakatika mkono wa kulia wa Lusajo ukaingia mahali pake. Mzee akanyanyuka kwa kujivuta, akanong'ona kitu ambacho sikukisikia, akatoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka ukungu ukamficha. Nilipogeuka, Lusajo alikuwa anacheka.

"Kaka, mbona mkono hautaki kuacha?"

Nikamwondolea ngoma. Ndipo nilipoona kwamba haikuwa na ngozi. Lilikuwa gogo lililotobolewa, mdomo wazi, ndani majani makavu na kinyesi cha panya. Sasa niambie, sauti ile tuliyoisikia tangu barabarani ilikuwa inatoka wapi?

Mkono wa Lusajo ulihamia pajani ukaendelea. Tulipopanda pikipiki ukahamia kwangu. Njia nzima ya kurudi Tukuyu alinipiga mgongoni, pigo lile lile, akiniomba radhi.

Mwanzoni tulifanyia mzaha. Alitengeneza wimbo kwa mkono wa kushoto, akaiacha sauti yake mwenyewe pale mwanzo, ile "nikupokee", ndipo mdundo unaingia. Akauachia mtandaoni. Huenda umeusikia. Ndiyo kazi yake ya kwanza iliyowatoka wale wachache ikaenda kwa watu. Vijana wa Mbeya wanaucheza kwa kupokezana katikati ya duara, na ukumbi mzima unapiga kelele, nikupokee, nikupokee. Waandaaji wa shoo wakaanza kupiga simu.

Mwenyewe hakupata kuufurahia. Mkono haukusimama. Hospitali walimpa vidonge vya usingizi. Akalala, mkono haukulala, ukawa unapiga ubao wa kitanda. Mchungaji wao alimwombea. Baba yangu alileta shehe akasoma dua. Mimi siku moja niliufunga mkono kwa khanga kwenye mguu wa meza, na mguu wake ukaanza kupiga sakafu. Nikaukandamiza mguu, naye akaanza kukosa pumzi, macho yakamtoka. Nikaachia huku nalia. Nililia kweli, sioni haya kusema.

Ndipo nilipokwenda kusikiliza rekodi nzima, ile isiyokatwa, kwa hedifoni, sauti mpaka mwisho. Alichonong'ona yule mzee kilikuwa humo.

"Na mimi nilimwambia mwenzangu hivyo hivyo. Nikadhani nampumzisha kidogo."

Nilimsikilizisha Lusajo. Akavua hedifoni kwa mkono wa kushoto, ule mwingine unagonga ukuta. Alisema neno moja tu.

"Mama asije hapa."

Ili uelewe, lazima umjue Mama Lusajo. Anaishi Mpuguso na migomba yake, na tangu tukiwa wadogo hajawahi kumwona mwanawe na ndoo akaiacha ifike mlangoni. Hukimbia mpaka njiani kuipokea. Akimwona Lusajo anavyotweta sasa, atalisema lile neno, nikupokee, kabla hajaweka kikapu chini. Na mikono ile ya mama mtu mzima, itapiga mpaka lini?

Kwa hiyo namdanganya. Nafuata chakula kwake, ndizi na maharage, nampelekea mwanawe, nasema daktari amekataza wageni.

"Mimi mama yake ndiye nimekuwa mgeni?" ananiuliza.

"Ni kwa muda tu, mama."

"Amekonda?"

"Hapana, mama."

Lusajo amebaki mifupa. Vidole vimepasuka, nimevifunga bandeji, na bandeji zinaloa. Shoo zote alizikataa, maana anajua ukumbi utapiga kelele gani, na kwamba yeyote atakayemwambia neno lile uso kwa uso ndiye atakayebaki na pigo.

Utaniuliza, na wewe rafiki yake je? Hata mimi najiuliza. Nimekaa naye mara nyingi chumbani mle na neno limenifika kwenye meno. Nina mke na watoto wawili. Nanyanyuka, nasema nakwenda kufungua duka. Naye ananitazama ninavyonyanyuka na hanilaumu, na heri angenilaumu.

Juzi Mama Lusajo alinirudishia chombo changu kitupu. Akasema hapiki tena. Jumapili akitoka kanisani anakuja Bulyaga, daktari atake asitake. Nilijaribu kila uongo ninaoujua. Alinisikiliza kwa upole mpaka nikamaliza, akaniambia nimsalimie mke wangu.

Nilimweleza Lusajo. Akaomba simu.

"Wapigie wale wa Mbeya. Waambie Jumamosi nakuja kupiga."

"Lusajo, wale ni watoto wa watu."

"Najua."

"Watalisema. Wote watalisema."

"Najua, Ustaadhi. Na Jumapili mama anakuja."

 Jibu la hapo ukilipata wewe, uniletee. Simu niliipiga mimi, kwa mkono wangu. Spika zinatoka dukani kwangu, maana nisipozitoa watakodi kwingine na shoo itakuwepo vile vile.

Kwa hiyo kama uko Mbeya Jumamosi hii, nakuomba kitu kimoja. Njoo ucheze, wimbo ni mtamu, sitakudanganya. Wenzako watapiga kelele huko nyuma, waache. Ila ukijikuta mbele kabisa, uso kwa uso na kijana mwembamba mwenye bandeji, anatweta, anakutazama machoni, na moyo wako ukataka kumpumzisha kidogo, funga mdomo. Mwonee huruma kimya kimya. Mimi nitakuwa nyuma ya spika nikiomba Mungu, na nakuapia, sijui nitakuwa naomba ulinyamazie neno lile au ulitamke.