Somo wa Protini

Mama mkwe alikubali niende masomo ya jioni kwa sharti moja: tuende wote. Mume wangu alikuwa safarini Kalinzi kwenye biashara ya kahawa, na mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa mkimbizi, mwanaume mwenye meno mazuri, aliyevuka ziwa mwaka ule maboti yalipokuwa yakishusha watu kila siku. Kwa mama mkwe hayo meno yalitosha. Mimi mwanamke mzima, mtoto mgongoni, nalindwa kama dagaa walioanikwa! Nilifeli baiolojia kidato cha nne, nilitaka kurudia mtihani. Yeye alikuja kubanana nami kwenye dawati na kukohoa kila mwalimu akisogea.

Siku hiyo tukafika kwenye protini. "Ndani ya seli, protini ikitoka kutengenezwa iko kama uzi mrefu," mwalimu alisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Haijajikunja. Iko na sehemu zinanata. Ukiiacha, itashikana na yoyote inapita, inakuwa madonge, haina kazi."

"Mwambie huyu!" mama mkwe akadakia.

"Sasa seli iko na protini zingine za kuisimamia. Zinafunika zile sehemu zinanata mpaka ijikunje. Sijui nyie mnaziita nini..."

"Somo," mama mkwe akasema. Kwetu Ujiji huyo ndiye mama anayemfunda na kumchunga mwali. Mwalimu akafurahi, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SOMO. Waliochelewa wakakaa na kalamu mkononi, wakingoja aandike somo lenyewe ni lipi.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ikishajikunja vizuri, somo anabaki nayo?"

"Hapana! Anaiachia. Aking'ang'ania, itafanya kazi namna gani?"

Nikamgeukia mama mkwe. Yeye akamuuliza mwalimu: "Na ile inayokataa kukunjika, baba?"

"Hiyo inakatwakatwa, mama. Vipande vinatengeneza zingine."

"Umesikia?" mama mkwe akaniambia.

Darasa likaangua kicheko, mwanangu akaamka akalia. Nikamwambia mama mkwe mbele ya wote: kesho naja peke yangu, la sivyo siji kabisa, na atakayemweleza mwanawe ni yeye. Mwanawe alishawatambia watu hadi Gungu kwamba mkewe atakuwa nesi.

Mama mkwe akatafuna mdomo. "Haya. Kesho nitakaa nje, mlangoni."

Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda kesi. Sikukumbuka kwamba chumba kile cha darasa hakikuwa na mlango. Ni uwazi tu, na dawati langu lilikuwa la kwanza kando yake.