Mke Wangu Akikaa na Karatasi

Mke wangu alipoanza kusomea ualimu tulikuwa na watoto watatu, na yule mdogo alikuwa bado hajaacha ziwa. Ilikuwa miaka ile shule zilipofunguliwa kila kijiji na walimu hawakutosha, ikabidi serikali iwachukue waliomaliza darasa la saba, iwasimamishe mbele ya ubao asubuhi na kuwafundisha ualimu baadaye mchana. Watu waliwaita walimu wa UPE, kwa jina la mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, wengine kwa dharau. Mimi sikudharau. Nilikuwa karani wa ghala la pamba la kijiji, mtu wa kidato cha nne, na nilijivuna sana kwamba mke wangu naye angeitwa mwalimu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Bariadi. Simiyu wakati huo ulikuwa mto tu. Mkoa wetu ulikuwa Shinyanga. Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa si muda mrefu, na mama yangu alihama nasi. Aliacha kaya yake yenye boma la minyaa, akaliacha kaburi la baba nyuma ya zizi, akaja kukaa kwenye nyumba zilizopangwa mstari kama wanafunzi kwenye paredi. Kule zamani mgeni ulimwona angali mbali. Ulipata muda wa kufagia penye uchafu na kuvaa uso wa kupokea watu. Hapa kijijini kila mtu alipita mlangoni, na kila aliyepita alikuona unafanya nini.

Mke wangu alikuwa akisoma. Lakini kwa macho ya kijiji alikuwa amekaa.

Masomo yake mengine yalikuja kwa bahasha za kahawia. Alizichukua shuleni, akarudi nazo saa nane hivi, mtoto mgongoni, na kuni kichwani iwapo amezipata njiani. Baada ya kuwapa watoto ugali alitandika mkeka kwenye kivuli cha nyumba, akafungua bahasha, akakunja uso. Hapo hapo mambo yalianza. Jirani alikuja kuomba moto.

"Mwalimu umekaa! Umechoshwa na nini, chaki?"

"Chaki nayo ni nzito, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nisaidie basi kaa la moto, maana wewe leo una nafasi."

Jirani akiondoka, mama yangu alimwita kutoka jikoni aje aonje mboga kama chumvi imekolea. Alipoonja na kurudi, mama alimtuma mtoto wa kati. "Nenda kakae na mama yako." Mtoto alikwenda, akakalia karatasi. Kisha mama mwenyewe alikuja na ungo wa karanga, akaketi kando ya mkamwana wake, akaanza kusimulia ng'ombe wa zamani, rangi zao na tabia zao, hadi jua likateremka. Usiku hapakuwa na kusoma. Mafuta ya taa yalikuwa ya kuviziwa dukani, na mtu aliyeamka kabla ya jogoo hana macho ya usiku.

Muda si mrefu nilimwona mke wangu ameanza kuahirisha. Bahasha ilikaa juu ya kabati, naye akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Aliosha sufuria safi. Nilipomuuliza alisema, "Ngoja nimalize hiki." Hiki kilipokwisha kilikuja kingine. Msimu wa viazi ulipofika aliketi akivikata vya michembe siku hadi siku, ile michembe tunayoanika juani na kuiweka akiba ya njaa. Mama alilalamika kwamba vipande vinene namna ile vitaoza. Mimi nilicheka.

"Mwalimu wa kesho," nilimwambia. "Kila kitu kesho."

Hakucheka. Alinyanyua ungo, akanionyesha karatasi zake chini ya maganda. Alikuwa akisoma huku akikata. Ndiyo maana vipande vilikuwa vinene, na ndiyo maana kidole chake kilikuwa na kitambaa.

"Nikiwa na kisu mkononi hakuna anayeniita," alisema. "Nikiweka kisu chini, nyumba nzima inanikumbuka. Baba watoto, zungumza na mama. Mwambie nikikaa na karatasi niko kazini. Mimi mkamwana siwezi kumwambia, ataona namfukuza kwenye mkeka wangu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

"Haya, karani wa kesho."

Sikumwambia. Nilikuwa na sababu, na nikiwa mzee sasa nazitazama sababu zile naona nyingine zilikuwa za kweli. Mama alikuwa amepoteza kaya yake na sikutaka adhani amepoteza na nyumba ya mwanawe. Tena kwetu mwanamume anayesimama upande wa mke mbele ya mama yake husemwa kwamba amelishwa kitu. Nililiogopa neno hilo. Nilikuwa nikiingia jikoni nikiwa nimeshapanga maneno, mama ananipa kiazi cha moto, ananiuliza pamba imekujaje leo, na mimi nakula kiazi, nazungumzia pamba. Kisha pamba yenyewe ikaja kwa wingi, magunia yakapanda hadi darini mwa ghala, nikapata sababu ya kurudi nyumbani nimechoka. Kila siku ilikuwa na kesho yake.

Mtihani ulifika. Alikwenda Bariadi kuufanya, mtoto mdogo kifuani, kwa sababu hata siku hiyo sikuwa nimezungumza na mama juu ya kubaki na mtoto. Wenzake wawili wa kijijini kwetu walifaulu. Yeye alishindwa. Mwalimu mkuu alimwambia angesoma mwaka mwingine na kuurudia mtihani, na aliporudi nyumbani alinipa habari ile akiwa amesimama, akisonga ugali, hakuugeuza uso kwangu.

"Nimeanguka," alisema. "Sogeza mtoto, moto utamrukia."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, na ningejitetea vizuri, maana nilikuwa na kidato cha nne. Nilitoka nikaenda kwa mama, aliyekuwa akikamua mbuzi, na neno nililolibeba msimu mzima likanitoka kwa pumzi moja. Nilimwambia kwamba mkwewe ameanguka mtihani kwa sababu hakupata nafasi ya kusoma, na kwamba kila akikaa na karatasi anaitwa.

Mama aliacha kukamua.

"Karatasi zile ni za kusoma?"

"Ulidhani ni nini, mayu?"

"Barua," alisema. "Bahasha zinakuja, anafungua, anakunja uso, hazungumzi. Nikasema kwao kuna msiba usiokwisha, au mama yake anaumwa. Mtu anayesoma barua za namna ile haachwi peke yake, anaweza kujidhuru. Kwa hiyo nilimwita. Nilimpelekea watoto. Nilimpelekea na mwili wangu huu." Alitazama maziwa kibuyuni. "Ng'ombe wote wale niliomsimulia! Nilikuwa nikimliwaza!"

Kwetu barua ilikuwa hivyo. Furaha watu waliileta kwa mdomo. Kilichokuja kimefungwa na kubandikwa stempu mara nyingi kilikuwa kilio. Mama hakujua kusoma. Darasa la watu wazima alilikataa, akisema macho yake ni ya kutafuta ndama, hayana nafasi ya herufi. Kwake kusoma kulifanyika shuleni mbele ya ubao, si kwenye mkeka. Angejuaje? Mimi ndiye niliyejua pande zote mbili, nami nilikaa katikati nikila viazi.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Niliogopa utaumia."

"Sasa je, sijaumia?"

Kuanzia siku ile mama aligeuka mlinzi. Mke wangu akitandika mkeka tu, mama alimfunga mtoto mgongoni, akachukua fimbo ya kuswagia mbuzi, akakaa njiani. Jirani wa moto alikomea pale.

"Yuko kazini," mama alisema.

"Nasalimia tu, mayu."

"Nisalimie mimi. Nina masikio mawili, salamu yako itatosha."

Ungedhani tatizo limekwisha. Mimi nilidhani hivyo. Lakini nilirudi siku moja kutoka ghalani nikamkuta mke wangu katika ukimya ule wote anakwangua masizi ya sufuria, na mama anamfokea, "Rudi kwenye karatasi, mwanangu! Sufuria haitafanya mtihani!" Nilikaribia kusema lile neno langu la mwalimu wa kesho. Kitu kilinizuia. Nilikaa chini, nikamuuliza kwa upole kuna nini.

Aliiweka sufuria chini. "Zamani nikishindwa nilikuwa na wa kumsingizia," alisema. "Watoto, jirani, mama, wewe. Sasa nimepewa nafasi yote. Nikianguka tena nitasema nini? Nikiifungua karatasi moyo unaenda mbio. Sufuria hainiulizi chochote."

Msaada haukutoka kwangu mimi msomi wa nyumba. Mama ndiye aliyekuja na mtoto wetu mgongoni, akajitupa kwenye mkeka. "Hebu nisomee mimi hizo barua. Nione wanakuandikia nini huko."

Alimsomea. Lilikuwa somo la jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kutoa. Mtoto ana machungwa matano, mwalimu anaondoa mawili.

"Anayaondoa kwa nini?" mama aliuliza.

"Ili mtoto aone yamebaki mangapi."

"Mtoto ataona mwalimu ni mwizi. Hatahesabu yaliyobaki, atalilia yaliyokwenda."

Mke wangu alicheka, na sikuwa nimesikia kicheko kile tangu mtihani. Kisha akafikiri. Akasema labda mtoto mwenyewe ayatoe, awape wenzake, ndipo ahesabu. "Hapo sawa," mama alisema. "Hapo atahesabu kweli, maana anajua nani anayo." Wakaendelea hivyo mwaka mzima, mama akibisha, mke wangu akieleza, na katika kueleza akashika. Mama alibisha hata juu ya umbo la dunia. Watoto walizoea kulala juu ya miguu ya wawili hao.

Alifaulu. Mama alipiga vigelegele hadi jirani wa moto akaja mbio akidhani kuna mkamwana mpya.

Lakini nafasi za walimu wenye cheti katika shule ya kijijini kwetu zilikuwa zimekwisha kujaa. Wale wenzake wawili waliofaulu mwaka wa kwanza walipangiwa hapo hapo, nyumba kumi kutoka kwetu. Yeye alipangiwa upande wa Maswa, mbele ya mji wa Nyalikungu, safari ya siku nzima kwa baiskeli. Mkubwa alibaki na bibi yake kwa ajili ya shule. Wadogo wawili walikwenda na mama yao juu ya lori la pamba, na mama yangu alisimama barabarani amemshika mkubwa mkono hadi vumbi likatulia.

"Mwaka mmoja," alisema kisha. "Ungefungua kinywa mwaka mmoja mapema, ningekuwa na wajukuu wangu wote."

Nilimwahidi mke wangu kwamba nitakwenda kila mwisho wa mwezi. Nilikwenda mwanzo. Kisha ikaja kupalilia, zikaja mvua zilizokata njia, ikaja pamba na magunia yake, na nilijikuta nasema Jumamosi ijayo. Mtu anajifunza mara moja kwamba kuahirisha kunaumiza, halafu anarudia, kwa sababu siku yenyewe ya kuahirisha haiumi. Haya niliyajua wakati ule. Siwezi kusema sikuyajua.

Nilipokwenda hatimaye, msimu wa kununua pamba ulikuwa umefungwa. Nilifika jua linaelekea kuzama, miguu mizito, nguo nyekundu kwa vumbi. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya chumba na sebule, mbele yake uwanja umefagiwa. Yule mtoto mdogo, aliyekuwa ananyonya siku zile za bahasha, alikuwa anacheza na vifuniko vya soda. Alikuwa amerefuka. Alinitazama, akaitazama baiskeli, akasimama vizuri kama alivyofundishwa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Aligeuka akaita ndani, kwa sauti ya adabu kabisa, "Mama! Kuna mgeni!"

Mke wangu alitokea mlangoni, kitabu mkononi. Alituona tulivyosimama, mimi na mtoto, na akaelewa yote. Nilingoja aseme neno, lolote, hata la ukali. Aliinama, akamfunga mtoto kifungo cha shati.

"Mpe kiti," alimwambia. "Halafu umletee maji, ametoka mbali."

Mtoto aliburuta kigoda kilichokuwa kikubwa kumzidi. Alikimbia ndani akarudi na kikombe, anatembea polepole asimwage, ulimi umetoka kwa bidii. Nilipokea maji kwa mikono miwili. Alisimama mbele yangu akingoja nimalize, ili arudishe kikombe.