Tulivyokwenda Kuidhamini Kampuni ya Bima

Dada yangu aliumia mgongo akimnyanyua bibi kikongwe katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, kule Richfield, huku ughaibuni. Daktari akamkataza kazi. Bima ya mwajiri ikawa inamlipa sehemu ya mshahara, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa pango letu. Baridi ilipokolea, malipo yakakatika.

Nikapiga simu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilianza kufoka hata kabla ya salamu. Msichana wa bima akanisihi nivute subira: serikali ya jimbo imeitaka kampuni yao ilete dhamana kubwa zaidi, la sivyo itafungiwa, na dhamana hiyo imekosekana.

Jumapili baada ya ibada nikawasimulia wenzetu. Mjomba, injinia mzima, akadakia: "Dhamana tu? Jamani, si twende tukaidhamini!"

Nani alibisha? Kwetu mtu akishikwa na polisi, huendi kituoni na maneno matupu. Wanakwenda watu wazima, wamevaa suti, wenye kazi inayojulikana na hati ya kiwanja. Kesho yake tukafunga safari ya Saint Paul, makao makuu ya jimbo, kwa gari la jirani yetu Mkenya. "Anti, mimi nita-drive, nyinyi mpange maneno," alisema. Mjomba alikumbatia hati ya kiwanja chake cha Morogoro njia nzima. Mama mchungaji alijifunga kitenge juu ya koti la baridi.

Karani wa jimbo, mzee wa makamo, alitupokea kwa adabu.

"Mmekuja kumdhamini nani?"

"Kampuni ya bima," alisema mjomba, akaisukuma hati mezani.

Karani akautazama muhuri, akatutazama sisi, akavua miwani. Maskini, hakucheka. Alitueleza kwamba dhamana hiyo ni mali ambayo kampuni huiweka mikononi mwa jimbo. Kampuni ikifa, yaani ikifilisika, jimbo huichukua na kuwalipa walioumia. Ile waliyoweka zamani ipo.

"Na ikiwa hai?"

"Inalipa yenyewe."

"Ebo! Mbona hailipi?" nilimkatiza.

"Mnaweza kulalamika. Inachukua muda."

Mjomba akaikunja hati yake polepole. "Kwa hiyo ikifa tutalipwa, ikiwa hai tungoje?" Karani akakiri kwamba ndivyo.

Garini mama mchungaji akasema, "Kufa kufaana." Jumapili iliyofuata alituongoza kuiombea kampuni ife. Mimi niliitikia amina kuliko wote, wala sioni haya.

Ikafa kabla theluji haijayeyuka. Jimbo likaanza kumlipa dada. Tulijazana sebuleni kwa pilau na vigelegele, mjomba akihutubia jinsi alivyokuwa tayari kukitoa kiwanja chake. Dada alikuwa amelala chali sakafuni, maana kitanda kilimshinda. Alimwacha amalize.

"Asante, mjomba," alisema. "Siku ile namnyanyua yule bibi, niliita mtu mmoja tu anishikie miguu yake. Hakuja mtu."