Kompyuta ya Mama Harusi na Dawa ya Kulainisha Choo

Mtaani walimwita Mama Harusi, ingawa yeye mwenyewe aliolewa bila hata picha moja. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi za watu: kufupisha hotuba za wajomba, kukata pale bwana harusi anapopiga miayo, na kutia muziki pale mama mkwe anaponuna. Kazi hiyo aliifanyia katika chumba cha nyuma, kilichopakana ukuta na tanuri la mwoka mikate.

Ukuta ule ulikuwa wa moto kutwa nzima. Kibaya zaidi, unga ulipenya dirishani, ukafyonzwa na feni za kompyuta na kugandamana humo, mpaka mashine ikawa inazimika katikati ya kazi. Bibi harusi ananyoosha kidole avishwe pete, kioo cheusi. Mama Harusi alipuliza, akafuta, akasugua kwa mswaki wa mumewe. Wiki haikuisha, unga ukarudi.

Ndipo alipoona kwenye simu mtu aliyeizamisha kompyuta yake ndani ya mafuta ya madini, yale meupe yasiyo na harufu. Hayapitishi umeme, lakini joto hulibeba vizuri, na humo vumbi halina pa kuingilia. Tangi la kioo alikuwa nalo. Mumewe alilinunua afugie samaki, wakafa kwa kuvimbiwa. Yalibaki mafuta, nayo pale mtaani yaliuzwa duka la dawa tu, kwa watu waliofunga choo.

Alinunua chupa mbili. Kesho yake akarudi akachukua zaidi. Safari iliyofuata alikuja na ndoo. Muuza dawa, mtu asiyejua kunong'ona, aliitazama ndoo, akamtazama yeye, kisha akauliza mbele ya foleni nzima:

"Mama, hilo tumbo lina muda gani?"

"Si tumbo langu. Ni kompyuta."

Muuza dawa alitikisa kichwa kwa huruma. Alishazoea wagonjwa wanaomsingizia shemeji au jirani, ila wa kusingizia kompyuta ndiye huyu wa kwanza. Akamuuzia chupa zote zilizobaki, akamsisitizia ale mapapai.

Jioni wifi yake, dada wa mumewe, akaingia na kapu la mapapai.

"Wifi, usione haya," alisema. "Hata marehemu mama lilimsumbua hilo."

Mama Harusi alimshika mkono akampeleka chumba cha nyuma. Diski alikuwa ameiacha nje, maana haifai kuzama. Vingine vyote vilikuwa chini ya mafuta. Akawasha. Feni zikazunguka polepole kama zinakoroga uji, taa ndogo zikawaka kijani humo ndani. Wifi alijibanza nyuma ya mlango akisubiri mlipuko. Ulipokawia, alisogea akachovya kidole, akasema ni vuguvugu tu. Kisha akavuta kiti, akatazama harusi ya watu asiowajua mwanzo hadi mwisho. Haikuzimika hata mara moja.

Raha haikudumu. Mafuta yalianza kupanda kwenye nyaya kidogo kidogo, yakadondokea mezani, yakatambaa sakafuni. Mumewe, dereva wa lori, alirudi safari akakanyaga kizingiti, akafika ukuta wa pili bila kupiga hatua. Bwana harusi mmoja alikabidhiwa flashi yake, ikamponyoka hadi mtaroni. Memori ilipokufa, fundi aliitwa, akachungulia tangi, akasema yeye alisomea kompyuta, si upishi. Akaondoka.

Mama Harusi alikaa akiitazama mashine, machozi yakimlengalenga. Halafu akakunja mikono ya gauni hadi mabegani, akaingiza mkono, akapapasa mpaka akaing'oa ile memori. Akachomeka nyingine. Nyaya akazikunja zipande juu na kuzifunga vitambaa shingoni, kama watoto wenye mafua. Akawasha, kioo kikang'aa. Alicheka peke yake, mafuta yakimchuruzika viwikoni.

Mumewe, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, aliuliza kama sasa anaweza kuingia.

"Vua soksi kwanza," akaambiwa.