Fundi Kiu na Blanketi Linalofagiwa

Haya msomaji, nakutegea, tegua: nina blanketi linalovaliwa juani. Ukimvua aliyelivaa hafi kwa baridi, anakufa kwa kiu. Ni blanketi gani?

Usijikune kichwa. Kuna mtu ameulizwa hilo wiki tatu sasa, na bado anasema hana muda.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne. Kwenye uwanja wa zahanati, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amepiga magoti, kidole kimezama ndani ya tuta. Anakichomoa. Kikavu kama chaki.

"Wamefagia tena!"

Nyuma ya choo moshi unapanda taratibu. Ndiyo majani makavu aliyoyalaza jana juu ya matuta, magunia manne, aliyoyabeba kichwani mwenyewe.

Watu humwita Fundi Kiu, maana kazi yake ni kupanga bustani zisizokunywa maji mengi. Miaka kumi na mmoja amechimba mashimo kwa michoro ya watu wengine. Hii ni bustani ya kwanza kwa mchoro wake, alioupiga nyuma ya kalenda. Kamati ya zahanati imempa hadi Jumatatu. Ikikuta miche imekauka, uwanja wote utamwagiwa zege, na kina mama wanaosubiri na vichanga watakaangwa juu yake.

Alianza na udongo, ulioshindiliwa na miguu ya wagonjwa hadi sururu ilikuwa inaruka. Akachimba futi mbili, akachanganya samadi ya mbuzi iliyoiva, "ile isiyonuka tena." Kisha akaipanga miche kwa kiu yake.

"Walevi nimewaweka karibu na bomba la kunawia," anaeleza, "hao maua ya kana. Katikati wanaokunywa kwa kiasi, mchaichai. Kule kwenye seng'enge wako waliofunga, mishubiri. Ukimchanganya mlevi na aliyefunga, mmoja lazima umzike."

Bomba hilo hutoa maji mara mbili kwa juma. Nyasi za zamani zilikuwa zinamaliza tangi la lita elfu mbili kwa siku mbili. Mpango wake unataka madumu kumi na mawili tu ya lita ishirini kwa juma zima, yamwagwe siku moja, polepole, yazame. Ila udongo lazima ufunikwe.

Hapo ndipo kichwa kinapomgonga.

"Mganga wa zahanati anapita na kikombe chake cha chai, anadondoshea kila mche maji kidogo kama anaubatiza! Mizizi inapanda juu kuomba, jua linaikaanga. Nimesema mpaka mate yamekauka. Siku hizi mume wangu haniulizi habari za kazi. Anauliza tu, 'Wamefagia?'"

Anayefagia anajulikana. Mama Ufagio, mhudumu wa zahanati kwa miaka ishirini na miwili, hufagia uwanja alfajiri, kisha hutandika vitanda sita vya wodi ya wazazi, shuka zimekunjwa ncha kama bahasha.

"Mama mdogo," Fundi Kiu anamwita, sauti imepanda, "mimi na wewe tumekoseana wapi?"

"Hatujakoseana, mwanangu. Takataka ni takataka, hata ukiipa jina la shuleni."

"Si takataka, ni matandazo!"

"Mata-nini? Mkaguzi akikuta jani uwanjani haulizi jina lake. Anauliza langu."

"Basi kitendawili changu nijibu. Blanketi gani linavaliwa juani?"

"Sina muda. Nina uwanja."

Fundi Kiu anamshika mkono, kwa adabu lakini kwa nguvu, anampeleka mpaka mwisho wa tuta, chini ya benchi la saruji. Mgongo wa Mama Ufagio haujawahi kufika huko, kwa hiyo majani yamebaki.

"Tia kidole."

Anatia. Kinatoka cheusi, kimelowa. Mchaichai wa hapo umesimama wima. Jirani yake, hatua moja tu, umelala chali.

Mama Ufagio anajifuta kidole kwenye aproni, anachukua ufagio wake, anaondoka.

"Umeona, msomaji?" Fundi Kiu anatupa mikono. "Amejifuta kidole, kaenda zake! Na mimi sitaki makubwa. Kamati ikikubali, naomba na uwanja wa shule ya jirani. Mchoro nimeshauanza, kalenda ya mwaka juzi. Lakini nitaushinda vipi ufagio?"

Ijumaa asubuhi anafika na magunia mengine manne, shingo imekakamaa. Langoni anayatua.

Uwanja umefagiwa, alama za ufagio zimenyooka kama mistari ya daftari. Lakini nyuma ya choo hakuna moshi. Majani yaliyofagiwa yako juu ya matuta, unene wa kiganja, kila shina limeachiwa nafasi ya kupumua, na pembe zote zimekunjwa kama bahasha.

Mama Ufagio amepiga magoti kwenye tuta la mwisho.

"Mama mdogo?"

"Ni majani," anajibu bila kuinua kichwa. "Na mwenye kosa ni wewe. Wiki tatu unaniimbia matandazo, matandazo! Ungesema tu kwamba yanatandikwa. Kutandika, mwanangu, nani atanifundisha?"